Mdogo wangu, bakiza ukili mmoja usio na bei

Siku hizi msichana akionekana ameshika kazi ya mkono, iwe sindano ya kroshia, hina au chane za ukindu, yaani vipande vyembamba vya majani ya mkindu, swali la kwanza ni lile lile: "Unauza shilingi ngapi?" La pili linafuata kabla hujajibu la kwanza: "Mbona hufungui ukurasa Instagram?" Wanaouliza wana nia njema. Tumekua katika miaka ambayo kila semina, kila kikao cha kikundi na kila kipindi cha redio kinatuhimiza tugeuze kipaji kiwe kipato. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na nawajua dada waliosimama kwa fedha hiyo. Sipingi hata kidogo. Ninachokuomba ni kimoja tu: katika yote unayoyafanya kwa mikono yako, bakiza kitu ambacho hakina bei.

Changu ni ukili. Kwa wasiokulia Pwani, ukili ni mkanda mrefu unaosukwa kwa majani ya ukindu au miyaa. Mkanda huo ndio unaoshonwa kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, ukingo kwa ukingo, hadi ukapata mkeka, msala, kikapu au kawa la kufunikia chakula. Mkeka unaoukalia kwenye shughuli ulianza kama mkanda wa upana wa vidole vichache, na kuna mtu aliusuka pima kwa pima. Pima moja ni mikono minne ya kipimo, ule wa toka kiwiko hadi ncha ya kidole; yaani ni toka ncha ya kidole cha mkono huu mpaka cha mkono ule ukiwa umeinyoosha yote miwili. Wasukaji wa kwetu hawana haja ya futikamba.

Naishi chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kusimama kaunta ya duka la dawa. Kutwa nzima nasoma miandiko ya watu, nahesabu vidonge, nafafanua kwamba kutwa mara tatu maana yake ni kila baada ya saa nane. Ni kazi ninayoiheshimu, lakini kila tendo ndani yake lina mwenyewe mwingine: mteja, bosi, daktari aliyeandika. Nikishuka daladala jioni, nikapika, nikaoga, nikaswali, ninakaa chini kwenye zulia, naegemeza mgongo kitandani, natoa ukili wangu kwenye mfuko. Hapo hakuna anayenisubiri. Nikitaka kuingiza uzi wa kijani kati ya weupe, naingiza. Nikiona haupendezi, naufumua hadi pale ulipokuwa mzuri na hakuna aliyepata hasara.

Somo hili nililipata kwa bibi yangu wa Rufiji, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu watu hudhani bibi zetu walisuka kwa kujifurahisha tu. Bibi aliuza, na aliuza sana. Mikindu huota vichaka vichaka kwenye maeneo yenye majimaji, na yeye na wenzake walikwenda kukata majani machanga, wakayaanika juani mpaka yakawa meupe, wakayachana kwa kucha, wakatia rangi. Ukili wa kuuza ulipata rangi za dukani, zile za unga zinazochemshwa kwenye sufuria: zambarau, kijani, nyekundu ya kuwaka. Wanunuzi ndizo walizozitaka. Fedha ya mikeka hiyo ilinunua sare na madaftari ya mama yangu na wadogo zake.

Lakini pembeni yake daima ulikuwapo ukili wa pili. Huo ulikuwa mwembamba, chane zake zimechanwa nyembamba kabisa, na rangi zilikuwa mbili tu: weupe wa ukindu wenyewe na weusi wa mdaa. Mdaa ni mti ambao mizizi yake hutoa rangi nyeusi, na kuipata rangi hiyo ni kazi ya kuchimba, kuponda na kuchemsha kwa subira, wakati rangi ya unga unainunua dukani na kuirudisha nyumbani kwenye pindo la kanga. Kwa mkeka wa sokoni hakuna aliyekuwa na nafasi ya mdaa. Kwa ukili wake bibi alikuwa nayo. Alipoulizwa bei alijibu, "Huu wangu," akaendelea kusuka, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ubahili. Sasa naona alikuwa amejitengea mahali. Ukili wa kuuza ulikuwa na tarehe, kwa kuwa mchuuzi alikuja siku fulani. Ulikuwa na rangi za watu, urefu wa watu na haraka ya watu. Ule wa pili ndio uliomweleza yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kiasi gani.

Bei ikiingia, inakuamulia mambo mengi kimya kimya. Rafiki yangu mmoja alikuwa mfumaji hodari wa vitambaa vya makochi. Alifuma usiku umeme ukikatika, kwa mwanga wa simu, na alikuwa akibuni maua yake mwenyewe kwa kuangalia majani ya mti wa mwarobaini ulio uani kwao. Watu wakaona, wakaagiza. Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha mmoja akaleta picha ya mtandaoni akataka kama ile ile, mwingine akataka rangi ya maziwa kwa makochi yote saba, wa tatu akachukua mzigo na kusema atalipa mwisho wa mwezi. Maua ya mwarobaini hakuna aliyeyaagiza, basi yakaacha kufumwa. Leo ana sindano na nyuzi kabatini na ukimgusia anasema, "Shoga, ile kazi ilinichosha." Kufuma hakukumchosha. Kilichomchosha ni kwamba hakubakiwa na kipande hata kimoja alichofuma kwa sababu alitaka kukiona.

Kwa hiyo ukianza, anza kwa kuchagua vizuri. Kazi inayofaa jioni za mtu aliyechoka ni ile ya vifaa vya bei nafuu, inayoweza kuachwa katikati na kushikwa tena bila kuharibika. Ukili unafaa sana kwa hilo: unauviringisha, unaufunga kwa kamba, unalala mfukoni hata wiki nzima, na ukiunyunyizia maji chane zinalainika tena. Kroshia inafaa. Kudarizi foronya kunafaa. Kuoka keki, kwa maoni yangu, hakufai kwa mtu wa chumba kimoja mwenye mtungi mdogo wa gesi. Gharama yenyewe itakulazimisha uuze ili urudishe fedha, na hapo umerudi kaunta.

Si lazima kiwe kikubwa, wala si lazima kidumu. Mwenzangu wa kazini hufunga vikuba. Ananunua asumini na mrehani anapozipata, anafunga kishada kidogo kwa uzi, anakibana kifuani chini ya mtandio, na kufikia jioni kimenyauka. Anasema siku yenye kikuba wateja wakali hawamfikii moyoni. Namwamini, kwa maana nasimama karibu naye na harufu inanifikia mimi pia. Dada mwingine ninayemfahamu ana daftari ambalo ndani yake ananakili majina ya kanga anazokutana nazo njiani, na chini ya kila jina anaandika nani alikuwa ameivaa na alikuwa akienda wapi. Nimeshawahi kulisoma usiku mmoja, sikulala mapema.

Tafuta mtu wa kukaa naye ubavuni. Video za mtandaoni zinasaidia kwa kroshia, lakini ukili unajifunzwa kwa kutazama mikono ya mtu aliye upande wako, si aliye mbele yako, kwa sababu anayekutazama uso kwa uso kulia kwake ni kushoto kwako. Kama huna bibi wala shangazi wa Pwani, wapo akina mama wanaouza mikeka na vikapu masokoni, Kariakoo na kwingineko, na wengi wao husuka palepale wakisubiri wateja. Nunua hata kipepeo cha jiko kwanza, salimia kwa heshima, kaa. Shikamoo yako na dakika chache za kunyamaza zitakufungulia mlango. Ukipewa chane ujaribu, anza na chache za rangi moja. Rangi nyingi kwa mkono mgeni zinaficha pale msuko ulipopotea.

Kuhusu simu, sikwambii uizime. Mimi huiweka kwenye chaja upande wa pili wa chumba, basi. Na picha ya kazi yako, iache kwanza. Ukiipakia leo, kesho una maoni ya watu kuhusu kitu ambacho hakijaisha, na kabla hujajua umeanza kusuka kwa ajili ya maoni hayo. Maliza, kiishi na wewe kidogo, kisha kama unataka kukionyesha, kionyeshe.

Ndugu watauliza. Shangazi mmoja atasema unapoteza muda na kodi ya miezi sita inakaribia. Usibishane naye, mhurumie hofu yake, kwa sababu ni hofu ya mtu aliyeona shida. Jibu la bibi linatosha: "Huu wangu, shangazi." Kama ana haja ya kweli ya mkeka, mpeleke kwa wanaouza, na mwambie asipunguziwe mno. Kila Julai nikizunguka mabanda ya kazi za mikono kwenye viwanja vya Sabasaba, pale Kilwa Road, nasikia wateja wakiombea mkeka mkubwa bei ya ndoo ya plastiki. Ukishawahi kusuka pima moja kwa mkono wako mwenyewe, huwezi tena kuomba hivyo.

Najua wapo wanaosoma hapa ambao hali imewabana, pengine una marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na simu hailali. Kwako siwezi kusema usiuze. Uza, na ukipanga bei usihesabu ukindu na rangi peke yake. Hesabu na jioni zako, maana ndizo ghali kuliko vyote. Ila fanya kama bibi alivyofanya akiwa na watoto wa kusomesha: uwe na kili mbili. Hata kama wa pili unaongezeka shubiri moja tu kwa wiki, uache uongezeke.

Kutoa zawadi ni jambo lingine na halikiuki sharti hili. Kawa langu la kwanza lililonyooka lilikwenda kwa rafiki aliyeolewa Tandika. Nililisuka nikiwaza meza yake, nikaweka rangi anayoipenda, na siku nilipokwenda kumtembelea nikalikuta limefunika maandazi. Hakuna malipo yaliyowahi kunipa furaha ile. Zawadi unaitoa kwa hiari, kwa mtu unayemjua jina, kwa wakati wako. Ukiona umeanza kuombwa "zawadi" na watu usiowafahamu, hapo ujue ni oda imevaa baibui.

Sasa nimeanza ukili wa msala wangu mwenyewe. Bibi amezeeka na hatoki tena kwenda kwenye mikindu, lakini hunichagulia mafungu kwa wakataji vijana na kuyakabidhi kwa kondakta wa basi, nami nayafuata kituo cha Rangi Tatu, hapa Mbagala. Mafungu yakifika huwa nayafungua siku hiyo hiyo na kuyaanika, kwa kuwa ukindu uliofungwa ukiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ukishaingia doa halitoki hata kwa rangi nyeusi. Ukipata wako, fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Yachane pale tu unapotaka kusuka, yaloweshe kwa muda mfupi, na ubakishe machache pembeni kwa ajili ya kushonea, kwa sababu ukili wa ukindu hushikana vizuri zaidi kwa uzi wa ukindu.