Kuhusu neno "crane"

Ndugu, umeuliza kwa nini Waingereza humwita korongo "crane" na mashine ya bandarini vilevile. Siri ni shingo. Mtazame korongo kwenye majaruba ya mpunga: anateremsha shingo ndefu, anadona, anainuka. Ndivyo mashine inavyoshusha na kuinua mzigo, ikapewa jina la ndege. Neno hilo ni kitenzi pia, yaani kurefusha shingo ili uone juu ya vichwa vya watu.

Ukitafsiri habari za bandari, tafadhali usiandike korongo. Andika winchi au kreni. Lakini timu ya taifa ya Uganda, Cranes, hao ni korongo kweli, yule mwenye taji kwenye bendera yao.

Nalo korongo letu lina maana mbili: kuna ndege, na kuna bonde lenye kingo za mwinuko mkali, kama Korongo la Olduvai kule Tanzania.