Uchovu wa Kazi kwa Wahudumu wa Afya

SWALI: Mimi ni muuguzi. Siku hizi naamka nimechoka, na wagonjwa niliowapenda naanza kuwaona kama mzigo. Je, mafunzo ya kisaikolojia yatanisaidia?

JIBU: Ndugu muuguzi, huo si udhaifu wako, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa ni tokeo la msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala si ugonjwa. Mafunzo humzoeza mhudumu kutambua dalili mapema na, jambo ninalolithamini zaidi, kuzungumza na wenzake baada ya kufiwa na mgonjwa bila kuona haya. Hata hivyo, zamu ndefu na upungufu wa watumishi haviponywi darasani, kwa hiyo mweleze msimamizi wako, na usingizi ukikupotea kwa wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya ya akili.