Jibu la swali la wiki: Kwa sisi wauza nyuzi, Desemba ni mkia tu

Mhariri na wadau wote habari zenu. Wiki hii mmeuliza "msimu wa sikukuu unaiingizia nini biashara yako, na Januari unaishije?" nikasoma majibu ya watu wa nguo, wa keki, na yule kaka wa mapambo, wote wanasema Desemba ndo kila kitu, sasa mi ngoja niwaletee ya kwangu maana imekaa tofauti. Mi na mwenzangu tuna duka la nyuzi, nyuzi za kufumia masweta na za kroshia, hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ndiyo, duka zima ni nyuzi na sindano zake tu. Ndugu zangu wa Makete nikiwaambia kuna watu wanatoa dola 25 kwa kibunda kimoja cha gramu 100 wanacheka mpaka wanakaa chini, na wao ndo wanaojua baridi ni nini.

Jibu fupi ni kwamba ukisubiri Desemba kwenye biashara ya uzi umeshachelewa. Mtu wa keki anauza kitu kinacholiwa kesho. Mteja wangu akitoka mlangoni hana zawadi bado, ana kazi ya kufanya. Sweta la mtu mzima linakula vibunda vitano mpaka saba vya gramu 100, inategemea na mwili wa mtu, na mikono inayofuma ni ya mama aliyetoka kazini, akapika, akalaza watoto, ndo akakaa kwenye kochi, kwa hiyo anayetaka mumewe avae sweta siku ya Krismasi namtegemea kaunta mwezi wa tisa. Hela yenyewe inaanza kuingia Septemba mwishoni, Oktoba ndo inamwagika, Novemba inashikilia mpaka ile Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, ambayo wanaiita Small Business Saturday, ilianzishwa 2010 na American Express ili watu wakumbuke maduka madogo, na kwakweli watu wanakumbuka, siku hiyo hata kukaa hukai.

Baada ya hapo kinachotokea ni ndoto za watu kupungua saizi, na mi hiki kitu kinanifurahisha kila mwaka. Oktoba wanaongelea masweta ya familia nzima. Novemba inaingia, masweta yanageuka shali na soksi. Wiki ya kwanza ya Desemba soksi zinakuwa glavu, glavu zinakuwa mzula, tarehe 15 ni mzula wa uzi mnene, tarehe 20 ni mzula wa uzi mnene kuliko wote nilionao pamoja na sindano za milimita 10, maana huo mtu anaumaliza jioni moja akikaa vizuri. Kwenye 24 hapo ni kadi ya zawadi. Kuna uzi mmoja maarufu sana huku unaitwa Cascade 220, hiyo 220 ni yadi zilizomo kwenye gramu 100, kama mita 200 hivi, na kibunda kimoja kinatoa mzula wa mtu mzima na chenji inabaki. Desemba huo ndo unga wa ugali wa duka, tukiishiwa ule wa kijivu na wa bluu ya giza tumekwisha.

Sasa anakuja mtu tarehe 12 Desemba na picha ya sweta lenye misuko mbele na nyuma, anataka kuanza leo. Wauzaji wengine wanamuuzia na kumtakia kila la heri. Mi namuuzia pia, sikatai hela, ila namwambia ukweli, dada hili haliishi, fuma mkono mmoja au ule ukosi, kisha weka kwenye boksi na sindano zikiwa bado ziko kwenye vitanzi, funga utepe, mpe hivyohivyo ajue linakuja. Huku watu wanafanya sana hivyo na hakuna anayekasirika.

Na kabla hajalipa namuuliza atakayepewa anafuaje nguo zake. Wanashangaa, lakini hilo swali ni muhimu kuliko rangi. Sufu ya kawaida isiyotibiwa ukiitupa kwenye mashine na maji ya moto inashikana na kusinyaa, sweta la baba linatoka likimtosha mtoto wa darasa la pili, na huku kila nyumba ina mashine. Kwa hiyo zawadi ya mtu asiyefuma mwenyewe namsukumia ile iliyotibiwa kiwandani ambayo inafulika, hata kama ni ghali kidogo. Bibi mfumaji mwenzake ndo apewe sufu ya Kinorwe ile inayowasha, anajua cha kuifanya.

Kitu kingine kinachoniliza Desemba ni loti ya rangi. Kila mara kiwanda kinapopika rangi, loti ile inapewa namba, ipo kwenye karatasi ya kibunda, na bluu ya loti hii na bluu ya loti ile jina ni moja ila zikikaa pamoja kifuani kwa mtu unaona mstari kabisa. Oktoba nawaambia chukueni na kimoja cha ziada, kikibaki mtarudisha, wanasema aah hapana kitatosha. Desemba anarudi kabeba sweta halina mkono mmoja, kashika kile kikaratasi kama cheti cha kliniki, na loti ile nimeshaiuza yote wiki tatu zilizopita. Hapo tunaingia stoo kutafuta, ikikosekana tunampigia mteja mwingine aliyenunua ile loti kumuuliza kama kabakiza, na mara nyingi kabakiza, analeta. Vinginevyo unamfundisha kuchanganya, safu mbili za uzi wa zamani, safu mbili za uzi mpya, mpaka jicho lizoee.

Sasa niwape picha ya dukani kwenyewe maana wengi mnafikiri ni mahali pa kukaa na chai. Nje ni nyuzijoto hasi 20, watu wanaingia na buti zenye theluji na ile chumvi wanayomwaga barabarani, inayeyuka hapo sakafuni inakuwa tope jeupe, kwa hiyo kuanzia Novemba shelfu la chini kabisa tunalitoa uzi wote tunaweka vitabu kwenye maboksi ya plastiki. Hita inakausha hewa mpaka ukigusa sufu inakurusha shoti, na vidole vinapasuka, vikipasuka vinakwaruza uzi laini na mteja anaona, basi pale mezani lazima kuwe na kopo la mafuta ya mikono yasiyo na harufu, wafanyakazi na wateja wote tunachota humohumo. Na nyuzi nzuri nyingi haziji zikiwa zimeviringwa kama mpira, zinakuja zimekunjwa duara refu, lazima uzitandaze kwenye kifaa kama mwamvuli kinachozunguka halafu uzungushe kimashine cha mkono kitoe donge linalokaa vizuri. Siku ya kawaida hiyo ni huduma ya bure unapiga stori na mteja huku unazungusha. Jumamosi ya Desemba kuna foleni ya kuzungushiwa ndefu kuliko foleni ya kulipa, na kuna zile nyuzi za mohea zenye manyoya ambazo zikijifunga fundo unaweza kusahau jina lako. Binti mmoja wa Kikenya anayesoma chuo hapa na kutusaidia wikiendi, ndo mwenye subira hiyo, mi wananiweka kaunta.

Alafu kuna dharura ya theluji. Ikianguka nyingi mji unatangaza, usiku wa kwanza hakuna kupaki barabara kuu, kesho yake mchana mitaa mingine huruhusiwi kupaki upande wa namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri, ukikosea gari linaburutwa na unalikomboa kwa hela nyingi kuliko sweta. Hizo siku tatu mauzo yanakufa kabisa, na zikiangukia katikati ya Desemba hamna wa kumlaumu.

Kuhusu punguzo la Black Friday, ile Ijumaa ya baada ya Thanksgiving, ambalo yule wa nguo kalisifia, mi sifanyi. Hesabu yake ndogo tu. Bei ya jumla ya uzi kwa kawaida ni nusu ya bei ya rejareja, kibunda cha 25 nimekinunua 12 na nusu, nikitoa asilimia 30 nakiuza 17 na nusu, imebaki dola 5, hapo kuna kodi ya fremu, gesi ya hita, mshahara wa binti, mashine ya kadi nayo inakata chake. Maduka makubwa yanaweza. Na hata hayo makubwa si mmeona, JOANN, ile kampuni ya maduka ya vitambaa na nyuzi iliyokuwepo tangu 1943, ilifunga maduka yake yote 2025, karibu 800, na kupitia hapo tumepata wateja ambao zamani wasingekanyaga kwetu, watu wa kroshia wanaotaka akriliki, uzi wa kiwandani usio wa sufu, wa bei nafuu, wafume blanketi la kitanda kizima. Wenye maduka wengine ya nyuzi wanawabinulia mdomo. Mi nimeweka akriliki mbele mlangoni, tena nyingi, maana mama anayefuma blanketi ananunua vibunda 15 kwa mpigo na mwezi ujao anarudi, kuliko yule wa kushika hariri dakika arobaini akaondoka na kimoja. Mwaka huohuo tarehe 29 Agosti serikali ikafuta ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 kutoka nje, basi na wale waliokuwa wanaagiza wenyewe uzi wa Denmark na Norwei kwa mtandao wakaanza kuulizia kwetu. Na sisi wenyewe bei za mzigo zimepanda kwa ushuru huohuo, kwa hiyo msione kama tumeokota dodo.

Tarehe 24 tunafungua mpaka saa tisa mchana, na hiyo siku ni ya wanaume. Wanaingia mmojammoja, wanasimama pale katikati wanaangalia kuta kama wamepotea uwanja wa ndege. "Mke wangu anafuma." Sawa kaka, anafuma nini? "Vitu." Anapenda rangi gani? Kimya. Ndo maana tumeweka kopo la bati kaunta, kuanzia Novemba kila mteja anaandika kwenye kadi jina lake, anachotamani na bei ya mwisho, mume akifika anataja jina la mkewe tunachomoa kadi, dakika tano katoka na mfuko umefungwa vizuri. Asiyekuwa na kadi anapewa kadi ya zawadi. Ila hapa wadau naomba mnisikie, kadi ya zawadi sio mauzo, ni deni. Hela imeingia lakini uzi bado uko shelfuni na mtu ana haki nao, sheria ya shirikisho inasema isiishe muda chini ya miaka 5. Sisi hela ya kadi tunaiweka akaunti yake peke yake, hailipi kodi ya fremu, hailipi mtu, mpaka kadi irudi.

Na wapo wa mwisho wa Novemba wanaokuja kuchukua nyekundu, nyeusi na kijani kwa ajili ya Kwanzaa, ile sherehe ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa 1966, wanafuma mkeka wa kroshia wa kuweka mishumaa saba. Wakigundua natoka Tanzania hapo maongezi yanahamia kwenye Ujamaa na Nyerere na foleni nyuma inasubiri, mwenzangu ananikata jicho.

Januari sasa. Nyie mnailia Januari, mi naipenda. Tarehe mosi tunafunga tunahesabu mali, kibunda kimoja kimoja, kazi ya kuchosha kuliko zote ila ya kodi hiyo huikwepi. Tarehe 2 wanaanza kurudi, wale wa kadi za zawadi wanaotumia na kuongeza hela juu, wale waliopewa sindano na shangazi hawajui kuzishika wanataka darasa, na wale wa masweta yasiyo na mikono wanaokuja kumalizia, tena bila presha. Baridi bado inapiga mpaka Machi huko. Jioni za katikati ya wiki meza yetu inajaa watu wanafuma, hawanunui kila wiki, ila anayekaa mezani kwako hawezi kwenda kununua kwa mwingine.

Njaa yetu sisi ni Juni na Julai. Jua linawaka, watu wako ziwani, nani anashika sufu mapajani? Hapo ndo tunaishi kwa pamba na kroshia, na cha ajabu tunaishi kwa Krismasi pia, maana kuna kale kaboksi ka kuhesabu siku za Desemba, vibunda vidogovidogo 24 vya gramu 20 au 10, kila siku unafungua kimoja, rangi ni siri ya mpika rangi. Hicho kitu watu wanakililia. Mpika rangi anafanya kwa mikono yake jikoni, anataka oda mapema mno, kwa hiyo wateja wetu wanalipia katikati ya kiangazi, wengine wamevaa kandambili, na ile hela ndo inayovusha Julai. Ya mwaka huu orodha yake ilishajaa, kuna watu kumi na kitu wako kwenye ya kusubiria na mmoja wao kanipigia tena jana kuniuliza kama kuna aliyejitoa.