Kima punju hafungwi kizimbani: maswali ya wasomaji wanaokwenda Unguja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwezi wa Julai ninatarajia kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, Unguja kwa siku tano. Tembo na twiga wamekwisha kuwaona Mikumi, kwa hiyo safari hii nataka waone wanyama ambao ni wa kisiwani hasa. Mwaka jana tuliingia katika bustani moja ya wanyama tukamkuta tumbili peke yake ndani ya kizimba chenye sakafu ya saruji, akizunguka tu bila kutulia, na mwanangu mdogo alilia njia nzima tukirudi. Je, niachane kabisa na sehemu za kufugia wanyama, twende msituni tu? Na huko msituni tutaona kitu, au tutaambulia majani?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Mama, machozi ya mwanao yalikuwa ya haki. Anza na Msitu wa Jozani, na ufike asubuhi jua likiwa bado la upole, kwa sababu saa za mchana mnyama huyu ninayetaka mumwone hujipumzisha matawini. Mnyama mwenyewe ni kima punju. Makazi yake ya asili duniani ni Unguja peke yake. Wale wachache walioko katika msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu mwaka 1974. Sensa ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali, na makazi yao makuu ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

Kizimbani hamtamkuta, na watoto waelezwe sababu. Kima punju ana tumbo lenye vyumba, mfano wa ng'ombe, na humo vijidudu huchachusha majani machanga na matunda mabichi. Tunda tamu lililoiva, ambalo ndilo chakula rahisi cha kumpa nyani wa kufugwa, linamvuruga tumbo. Ndiyo maana jamii hii ya kima haidumu ikifungiwa, na anayetaka kumwona hana budi kumfuata kwake.

Wala hamtaambulia majani. Yako makundi yanayokula katika mashamba yaliyopakana na msitu, yamezoea watu kiasi kwamba mtasimama chini ya mti wa mkungu na kusikia majani yakikatwa meno juu ya vichwa vyenu. Waambie wanao watazame mkono unapovuta tawi: vidole ni vinne, kidole gumba kimebaki kama chunusi tu. Mimi niliwahi kumwona jike mwenye mtoto kifuani akishuka hadi kwenye kisiki kilichoungua, akabandua kipande cha mkaa, akakitafuna taratibu kama mtu anayekula muhogo wa kuchoma, midomo yake ya waridi ikageuka myeusi. Majani ya mkungu na ya mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya; watafiti wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1990. Wanyama hao hujifunza wakiwaona mama zao, nami sijui somo bora zaidi kwa mtoto wa miaka 9.

Msiwaguse wala msiwape chakula, hata wakikaribia wenyewe, maana mafua yetu huwaambukiza. Mkiwa barabarani, mwambie dereva apunguze mwendo hata kabla ya matuta. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu kima wengi walikuwa wakigongwa na magari. Lipeni kiingilio na mchukue mwongozaji wa hapo hapo. Sehemu ya fedha hizo huenda kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, ambavyo ndivyo vinavyovumilia kima kula mazao yao. Ndani ya msitu, penye mitondoo na mikadi inayosimama katika ardhi yenye maji, mnaweza kupishana na kima wa kawaida, yule wa rangi ya kijivu. Paa nunga, mdogo mwenye mkanda mweupe mapajani, yumo pia, lakini ni mwoga mno na sitawaahidi. Kisha piteni kijijini Pete kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, maji yakiwa yametoka, mwone kaa na wale samaki wadogo wanaoruka juu ya tope.

Kuhusu sehemu za kufugia wanyama, usizifute zote. Zipo zinazosaidia hasa kwa viumbe vinavyojificha, kama chatu, kinyonga na komba, ambao mgeni wa siku tano ni vigumu kuwakuta. Kabla ya kukata tiketi, uliza mnyama alitoka wapi na atarudishwa lini, kisha uangalie kama ana kivuli, maji na mahali pa kujificha macho ya watu. Mkikuta kinyonga anapitishwa mkono kwa mkono ili apigwe picha, ondokeni. Kasa wa kwenye mabwawa ya Nungwi muwatazame mkiwa ukingoni, msiogelee nao, na muulize wangapi wamekwisha kurudishwa baharini.

Kisiwa cha Changuu nakisifia kwa sharti moja: watoto waambiwe ukweli kwamba kobe wakubwa wa pale ni wageni. Wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na asili yao ni Aldabra. Mkimpa mmoja mchicha atanyoosha shingo yenye makunyanzi, atafumba macho, kisha ataukata kwa kishindo kidogo kama mkasi butu. Kumpanda mgongoni hairuhusiwi, hata kwa mtoto mwepesi.

Usiku, mkisikia kilio kama cha mtoto mchanga juu ya mti karibu na nyumba mliyofikia, msishtuke. Huyo ni komba, na hakuna kiingilio.

SWALI: Assalaam alaykum. Bibi yangu, mzaliwa wa Makunduchi, hutusimulia kwamba Unguja kuna watu wanaofuga chui. Nakwenda huko Desemba, na mtu mmoja ameniahidi kwa simu kwamba atanionyesha chui huyo nikimlipa. Nimwamini?
Mjukuu, Maskati

JIBU: Waalaykumu salaam. Usimlipe. Bibi yako hakuzusha, kwani imani ya chui wa kufugwa na kutumwa imeenea Unguja kwa vizazi, na chui mwenyewe alikuwepo kweli, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo zaidi. Imani hiyo hiyo ilimponza: baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kusaka wachawi pamoja na chui wao, na chui wengi waliuawa. Watafiti waliofuatilia habari za wafugaji hao walikutana na ahadi kama uliyopewa wewe, na hawakuonyeshwa mnyama yeyote. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni kilionyesha picha ya kamera ya usiku iliyodaiwa kuwa ya chui wa Unguja, lakini picha moja haitoshi kuthibitisha kwamba bado wako.

Chui aliyekaushwa amehifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar mjini. Uliza kwanza kama chumba chake kiko wazi, uombe ruhusa ya kupiga picha, umpelekee bibi yako, umuulize kama wakati wa utoto wake aliwahi kumsikia akinguruma karibu na Makunduchi. Akikujibu, tuandikie.