Muulize Mwalimu: Hapkido kwa anayeanza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Daegu, Korea Kusini. Chini ya jengo ninamopanga kuna ukumbi wa hapkido, sanaa ya Kikorea ya kujihami, na kila jioni nasikia mikeka ikigongwa. Nyumbani nilizoea kusikia taekwondo tu. Nina miaka 31, sijawahi kucheza mchezo wowote wa mapigano, na usiku natoka maabara peke yangu. Majuzi mlevi alinikamata mkono kituo cha basi, nikashindwa kujinasua hadi dereva aliposhuka kunisaidia. Hapkido itanifaa, au nitafute taekwondo?
Mtanzania, Daegu

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, na Mungu ambariki dereva huyo. Teremka ngazi ukajiandikishe.

Mji unaoishi ndiko hapkido ilikoanzia. Choi Yong-sool alirudi Korea kutoka Japani vita vilipokwisha mwaka 1945, akakaa Daegu. Ujuzi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, aliupata kwa Takeda Sokaku, bingwa wa Daito-ryu, mtindo wa Kijapani wa jujutsu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1948 alizozana na watu kwenye kiwanda cha pombe, akawaangusha mmoja baada ya mwingine. Suh Bok-sub, aliyekuwa na mkanda mweusi wa judo, aliyaona hayo akamwomba amfundishe. Mateke mengi utakayoyaona ukumbini yaliongezwa baadaye, hasa na Ji Han-jae, mwanafunzi wa Choi aliyehamia Seoul.

Taekwondo naiheshimu sana. Lakini ni mchezo rasmi wa Olimpiki tangu mwaka 2000, na kumbi nyingi hufundisha namna ya kupata pointi. Ukimshika mpinzani unaadhibiwa. Wewe ulishikwa. Hapkido huanzia hapo hapo ulipokwama: umekamatwa mkono, umekabwa kola, umekumbatiwa kwa nyuma.

Huenda somo lako la kwanza likawa hilo la mlevi. Mtu akishikwa mkono huvuta kurudi nyuma, na katika kuvutana mwenye nguvu ndiye hushinda. Usivute. Tanua vidole vyote, mkono ukaze. Kisha tazama kidole gumba chake, maana mshiko wowote una mlango, pale gumba linapokutana na vidole vingine. Geuza mkono wako, ubavu wake mwembamba wa upande wa gumba lako uelekee mlangoni. Piga hatua kumwendea, sukuma kiwiko chako mbele, kiganja kikunjike kuja begani kwako. Utachomoka, kwa sababu gumba lake peke yake linapambana na mwili wako mzima. Ukishachomoka, ondoka ukipiga kelele, na huko namba ya polisi ni 112. Kumkunja mtu kifundo cha mkono hadi alale chini utafundishwa pia, ila kuliweza hilo mbele ya mtu anayepinga kwa nguvu zake zote ni kazi ya miaka.

Hiyo mikeka unayoisikia ni watu wanaojifunza kuanguka, na mimi ningekuandikisha kwa ajili ya hilo tu. Kidevu kifuani usije ukagonga kisogo, pumzi nje, mkono wote kuanzia kiwiko hadi kiganja upige mkeka kwa pamoja. Usiutangulize mkono nyuma kuzuia anguko. Hivyo ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Watu wazima wengi huliona jambo hili la kitoto wakataka mateke. Lishike kwa moyo wote. Anayesukumwa akaanguka salama ana nafasi ya kuinuka na kukimbia, na barafu ya huko wakati wa baridi nayo huangusha.

Siku ya kwanza tazama jambo moja. Anayeumia hugonga mkeka au mwili wa mwenzake, na mwenzake humwachia papo hapo. Wasipoachia, tafuta ukumbi mwingine. Umri wako hauna shida yoyote.

SWALI: Mwalimu, mdogo wangu anajifunza kwa video kumnyang'anya mtu kisu. Anasema ni hapkido. Ni kweli?
Kaka mtu, Mombasa

JIBU: Mbinu hizo zimo kweli. Lakini hufundishwa kwa kisu cha mbao, na mwenzako huchoma mara moja akauacha mkono hapo uushike. Mwenye nia ya kuchoma hurudisha mkono na kuchoma tena, mfululizo. Mimi ninayefundisha mbinu hizo, nikitolewa kisu natoa simu na hela, na njia ikiwepo nakimbia. Asipokuwa na pa kukimbilia, aweke mkoba, kiti, chochote kati yake na kisu, apige kelele. Mkunjo wa kifundo nao haufunzwi kwa kutazama. Akiukosea kidogo atamvunja rafiki yake anayefanya naye mazoezi. Mtafutie mwalimu, na mpaka ampate aache kukunja mikono ya watu.