Mahakama haikumpa leseni

SWALI: Mimi naandika habari za mahakamani. Mhariri wangu anasema "mapitio ya mahakama" ni kosa, niandike "mapitio ya kimahakama". Sentensi yenyewe ni hii: "Mfanyabiashara huyo alikata rufaa Mahakama Kuu kupinga mamlaka kumnyima leseni, na kupitia mapitio ya mahakama akapewa leseni." Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mhariri wako ana nusu ya hoja. "Mapitio ya mahakama" yana sura mbili: mahakama inapitia, au mahakama ndiyo inayopitiwa. Lakini hiyo ki- yake nayo ina mambo. Anayelia kitoto si lazima awe mtoto. Mara nyingi ni baba mzima. Kwa kipimo hicho, mapitio ya kimahakama yanaweza kufanywa na kamati yoyote iliyokunja uso. Wanasheria wameshaizoea, na mimi nimechoka kupigana na ki-. Chagueni moja, msibadilishe katikati ya habari. ("Kupitia mapitio" nakusamehe kwa leo tu.)

Kilichoninyima usingizi ni "alikata rufaa". Siku hizi kila anayeibana ofisi ya serikali mahakamani amekata rufaa. Hapana! Rufaa ina asili ya Kiarabu, kwenye maana ya kuinua: shauri lililoamuliwa chini linainuliwa, na wa juu anaweza kuliamua upya kwa akili yake. Mapitio yanatokana na pita, na kitenzi hicho kinaieleza kazi yenyewe. Jaji anaikagua njia aliyopita ofisa. Sheria ilimpa mamlaka hayo? Alimsikiliza mwombaji kabla ya kumkatalia? Alipima yanayohusika, au alikuwa na kisasi chake pembeni? Njia ikiwa safi, jaji hana ruhusa ya kusema "ningekuwa mimi ningempa".

Waingereza walilinyoosha hili mwaka 1947. Baraza la mji wa Wednesbury liliruhusu jumba la sinema lifunguliwe Jumapili, kwa sharti kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasiingie, hata wakiongozana na mtu mzima. Wenye jumba wakaenda mahakamani, wakashindwa. Jaji wao, Lord Greene, akaeleza kwamba mahakama haikai pale kama chombo cha rufaa. Inaingilia baraza likivuka mipaka ya sheria, au likiamua jambo ambalo hakuna baraza lenye busara lingeweza kuliamua. Akaukumbusha mfano wa mwalimu anayefukuzwa kazi kwa sababu nywele zake ni nyekundu. Sharti la watoto halikufika huko, likabaki.

Sasa hiyo "akapewa leseni". Nimeusoma uamuzi wa namna hiyo mara nyingi, na neno la jaji huwa "natengua". Tengua! Kila aliyewahi kutawadha analijua. Udhu ukitenguka, mtu anarudi kwenye maji na kutawadha upya, yeye mwenyewe. Imamu hatoki kwenye kibla kuja kumwosha miguu. Wala hakuna anayesema kwamba kwa kuwa udhu umetenguka, basi swala imeswaliwa. Ndivyo ilivyo kwa mamlaka ya leseni. Uamuzi wake umetenguka, kwa hiyo kwa kawaida shauri linarudi mezani kwake, inamsikiliza mtu kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, inaamua tena. Na inaweza kumnyima leseni mara ya pili, safari hii kihalali. Hapo ndipo wasomaji wako wanapokuja juu: "Si mahakama ilishampa?" Haikumpa. Ulimpa wewe, kwenye kichwa cha habari.

Zipo sheria zinazoruhusu rufaa ya kweli kutoka kwa mamlaka hadi mahakamani. Hapo iandike bila woga. Usipojua ni ipi, fungua jalada: kwenye rufaa utamkuta mrufani, kwenye mapitio utamkuta mwombaji. Haichukui hata dakika moja, kwa hiyo usiniambie habari za kukimbizana na muda wa kwenda mitamboni.

Sentensi yako basi isomeke: "Mfanyabiashara huyo aliomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka kumnyima leseni, mahakama imeutengua na kuiagiza mamlaka iamue upya." Umeona? Mahakama inapitia, na ugomvi wenu wa ki- umekwisha bila mtu kushindwa.

Na siku maombi kama hayo yatakaposhindwa, nakuomba, usiniletee kwamba jaji "ameyatupilia mbali". Jaji hajatupa kitu. Ameyakataa, ameandika sababu kurasa 30, na karani amelirudisha jalada kabatini.