Hologramu kubwa kwenye kompyuta ndogo: uliza upana wa pikseli kwanza

Unapokokotoa hologramu, yaani bamba la pikseli linalopinda mwanga wa leza hadi utokee mfano wa kitu wa pande tatu, swali la pikseli ngapi lisubiri. Upana wa pikseli ndio unaoamua mtazamaji atasogeza kichwa kiasi gani kabla picha haijamtoroka. Gawanya urefu wa wimbi la mwanga kwa upana huo uliozidishwa kwa mbili. Jibu ni sine ya pembe ya kutazama. Leza ya kijani ya nanomita 532 kwenye pikseli za maikromita 8 hukupa digrii 1.9 kila upande, sawa na kuchungulia tundu la ufunguo. Pikseli za maikromita 1 hufika digrii 15.

Gharama yake ni memori. Bamba la sentimita 10 kwa 10 lenye pikseli za maikromita 1 lina pikseli bilioni 10. Kila pikseli ikishikwa kwa namba changamano (nguvu ya wimbi na hatua yake) ya baiti 8, hizo ni GB 80. Likate vipande vya pikseli 4096 kwa 4096: vipande 625, kila kimoja MB 134. Ukijumlisha mawimbi yatokayo kwenye kila nukta ya kitu unachotaka kionekane, kipande hakimngoji mwenzake. Mawimbi ya nukta iliyo sentimita 10 nyuma ya bamba yaishie kwenye duara la nusu kipenyo sentimita 2.7 juu ya bamba; ukipitisha hapo, pikseli hazitoshi kubeba mawimbi na picha za uongo huzuka.

Panapoharibu kazi za wengi ni namba za biti 32. Kwa umbali wa sentimita 30, fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia, ni radiani milioni 3.5, na namba hizo huruka robo radiani kwa hatua. Mzunguko mzima ni radiani 6.28, kwa hiyo umebaki na ngazi 25 hivi, na picha inajaa ukungu. Usihesabu r yote, yaani umbali kamili kutoka nukta hadi pikseli; z ni umbali wa nukta kutoka bamba, x na y ni umbali wa pembeni. Hesabu r − z kwa (x² + y²)/(r + z), kisha ongeza fezi ya z, uliyoipata mara moja kwa biti 64 na kubakisha baki tu baada ya kutoa mizunguko mizima ya 2π.

Mombasa stima haiagi, basi kila kipande kikiisha kiandike kwenye diski papo hapo. Msimu wa kaskazi weka na feni: kadi ya grafiki ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.

Fezi za nasibu, zile za kuanzia unazozipa nukta kwa bahati nasibu, zitoe mara moja tu, uzihifadhi kwenye faili. Programu ikizitoa upya baada ya stima kurudi, vipande vipya havitaelewana na vya zamani, na nukta zinazotazamwa kupitia mshono zitapasuka mbili.